Kiongozi wa Msafara Asiyeujua Mji

Mpendwa Shangazi, kabla sijaomba msaada naomba kwanza unisamehe kwa kuchelewa, maana barua hii niliianza kabla ya mvua na sasa mvua zimeshakatika, kila nikishika kalamu mtoto mdogo anaamka au chungu kinafurika au usingizi unanibeba nikiwa nimekaa hivyo hivyo, na ukweli ni kwamba hata siku nilizopata nafasi niliiogopa, nikaisokomeza ndani ya kopo la unga ambalo najua mume wangu halifungui. Leo nimeona zimebaki wiki mbili tu kabla ya safari nikasema namaliza.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ndiyo kwanza anasimama dede, na wa kike ana miaka sita, tunamwita Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo kama alama ya kalamu. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki yupo wiki hayupo. Nafanya kazi kwa dobi mmoja anayefulia nyumba za wageni, tuko wanawake sita, na kama hujawahi kukunja mashuka ya kazini nikueleze tu kwamba shuka kubwa linakunjwa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule, mnavuta, mnatikisa, halafu mnasogeleana pembe kwa pembe mpaka mnagusana vidole, na mara mia kwa siku unajikuta uso kwa uso na mwenzako, sasa hapo utanyamaza mpaka lini, lazima utasema kitu.

Wiki yangu ya kwanza pale, msimamizi wetu, ambaye tunamwita Mama Mkubwa ingawa hatuzidi kwa miaka mingi, aliniuliza, "Mama Nukta, kabla hujaja huku ulikuwa wapi?" Nikaruka kule tulikohama, nikasema mjini. "Mjini wapi, kule kwenyewe?" Nikasema kule kwenyewe, miezi mitano. Akasimama na pembe za shuka mkononi, akawaambia wengine, "Jamani, mwenzenu katoka kule na kanyamaza kimya kama katoka dukani." Na mwingine, ambaye tunamwita Kijiko kwa kupenda kula, akauliza pale pale, "Kule wanakula nini?"

Shangazi, ni kweli nilikaa kule miezi mitano, lakini nilikaa hospitalini. Nukta alizaliwa na tundu kwenye moyo, akapelekwa kule akiwa na miezi mitatu, akapasuliwa, akawekwa kwenye mashine, akatoka, akarudi tena. Mji niliupita mara mbili tu. Siku ya kuingia nilikuwa ndani ya gari la wagonjwa ambalo vioo vyake vimepakwa rangi nyeupe, na siku ya kutoka mume wangu alitufuata na lori nikalala kabla hatujafika barabara kuu, nikaamka tuko porini. Niliyoyajua yote niliyasikia wodini. Kina mama waliokuja na ndugu zao walikuwa wanasimulia, mlinzi alikuwa anasimulia, na mama wa usafi alikuwa na dada yake anaosha vyombo kwenye hoteli ya ghorofani wanakouza samaki, basi kila asubuhi akipiga deki alikuwa anatuletea habari za samaki yule, jinsi anavyoletwa na kichwa chake na limao mdomoni, na sisi tumekaa na vikombe vya uji tunasikiliza.

Ningeweza kusema ukweli siku ile. Sikusema kwa sababu kule tulikokuwa tunaishi mwanzo kila mtu alikuwa anajua, nikipita na mtoto mgongoni jirani alikuwa ananisalimia kwa kuuliza, "Bado yupo?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini ukisalimiwa hivyo asubuhi na jioni mwaka mzima na wewe unaanza kugeuka usiku kumpapasa mtoto kama bado yupo. Tulipohamia huku nikaapa hapa mwanangu atakuwa mtoto tu, kama watoto wengine, mkaidi, mwenye makamasi. Ndiyo maana Kijiko alipouliza wanakula nini nikamwambia samaki wa ghorofani, na limao lake.

Kutoka hapo sikuweza kurudi nyuma. Nikawapa mnara ambao ukipanda juu unaona mji wote hadi ulipoishia, nikawapa ngazi zinazotembea zenyewe, nikawapa makumbusho yenye mfupa wa taya ambao mtu anapita katikati yake, nikawapa bustani yenye maji yanayoruka juu na taa za rangi. Siku nikiwa nimechoka walikuwa wananiambia, "Leo hutupeleki?" na mimi nawapeleka huku tunakunja. Kijiko anamjua yule samaki kuliko mimi, nikiruka kitu ananirudisha, "Umesahau sahani ina maua."

Na Nukta naye nilimpa yake, kwa sababu aliuliza alama ya kifuani ni ya nini, nikamwambia ni zipu, na kwamba alipokuwa mdogo tuliishi mjini kwenye nyumba ndefu isiyozimwa taa, yenye mashangazi wengi wa nguo nyeupe waliokuwa wanambeba kwa zamu. Habari za hiyo nyumba ameenda kuwaambia wenzangu wote kazini.

Sasa mashine kubwa ya kufulia imeharibika, tajiri wetu, yule dobi, anafunga siku nne ibadilishwe, na wenzangu wamechanga twende kule siku tatu. Mama Mkubwa akasimama akasema, "Kiongozi wa msafara tunaye, hatuhitaji kuuliza njia." Wote wakapiga makofi. Kisha akaniuliza wale mashangazi wa nyumba ndefu wanaweza kutupokea, sita na Nukta, maana mdogo atabaki na baba yake, tunabeba mashuka yetu. Nikasema nitawauliza. Shangazi, mpaka leo hakuna aliyetafuta pa kulala kwa sababu ya hilo neno langu moja. Nukta amechora picha saba za kuwapelekea hao mashangazi. Tena amesema atakuwa wa kwanza kufika juu ya mnara, wenzangu wanamchokoza kwamba hawezi, kwa sababu akipanda kilima cha kazini huwa anasimama katikati anahema, na mimi nimezoea kuwaambia, "Mvivu huyo, kamrithi baba yake."

Nimefikiria kujifanya mgonjwa siku ya safari. Nimefikiria pia kwamba nikijua vya kutosha naweza kuwapitisha siku tatu bila mtu kugundua, na hili ndilo ninalokuomba. Wewe unaishi huko. Na naomba unijibu mapema kwa simu, maana Kijiko husoma ukurasa wako wa gazetini kwa sauti wakati wa chai. Nitumie njia ya kutoka stendi ya mabasi hadi katikati ya mji, mlango wa mnara uko upande gani, makumbusho yanafunguliwa saa ngapi na ule mfupa ni wa mnyama gani maana nimeshasema nyangumi, namna ya kukanyaga ngazi zinazotembea usionekane ni mara ya kwanza, hoteli ya samaki na jinsi watu wanavyoagiza, maneno ya kuwaambia wenzangu kuhusu pa kulala, na nyumba yoyote ndefu yenye mlinzi mpole, nimwonyeshe mtoto nimwambie ni hii ila mashangazi wamehama.

*

Mama Nukta, jibu hili nakutumia kwa simu leo. Gazetini litatoka baada ya siku nne, na kwa kuwa Kijiko ni msomaji wangu, nadhani unaelewa haraka yangu.

Kwanza pole. Pole ya miezi mitano ya kulala umekaa, na pole ya yule jirani na salamu yake. Mtu aliyesalimiwa vile ana haki ya kuhamia mahali akaanza upya, na sikulaumu kwa kutotangaza moyo wa mwanao mbele ya watu uliowajua kwa wiki moja. Wala huyo samaki sikulaumu. Mmekunja mashuka mengi kwa ajili yake, na naamini siku zilikwenda haraka zaidi.

Lakini sasa nakugombeza, kaa vizuri.

Barua yako ndefu imejaa aibu yako, watakuonaje, utagundulika vipi. Kisha mwishoni, kwa mstari mmoja, kama mtu anayedondosha pini, unaniambia mtoto aliyepasuliwa moyo anahema kilimani na wewe unamwita mvivu mbele ya watu ili wasijue. Nilisoma hapo nikaweka chai chini. Unakwenda kumpandisha mnara katikati ya watu wazima watano wanaomchokoza apande haraka, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba akisimama anapaswa kuachwa asimame. Ukiwa umeenda kukata tiketi, nani atakuwa naye? Akikaa chini midomo ikabadilika rangi, Kijiko atafanya nini, atamcheka kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha kucheka. Hilo halisubiri hata siku moja.

Na jingine. Kesho, kabla ya kitu chochote, mpeleke kwa daktari anayemfuatilia, umweleze habari ya kile kilima, na umuulize kama safari hii anaiweza na kwa mwendo gani. Akikataa, mtoto haendi na wewe huendi. Usije ukaniandikia baadaye kwamba ulisahau.

Ukishatoka kwa daktari, anza na Nukta. Mtoto wa miaka sita anayechora picha saba anaweza kuambiwa kwamba moyo wake ulikuwa na tundu, kwamba madaktari waliliziba, na kwamba mashangazi wa nguo nyeupe ni wauguzi. Angalia vizuri, dada yangu, hukumdanganya sana. Nyumba ilikuwa ndefu, taa hazikuzimwa, na walimbeba kwa zamu. Ulichoruka ni neno hospitali tu. Liseme. Mwache aulize anachotaka, na akitaka kuishika alama yake huku anauliza, aishike. Mwambie pia kwamba si mvivu, na kwamba wewe ndiye uliyekosea kumwita hivyo. Hiyo nyumba ya uongo yenye mlinzi mpole sikutumii. Iliyo ya kweli ipo, na nimeuliza: wodi ya watoto wanapokea wageni waliowahi kutibiwa hapo ukipiga simu kabla. Wengine watakuwa wamehama kweli, lakini picha hazitakosa ukuta. Akisema hataki kwenda, msiende.

Halafu wenzako. Waambie kazini, siku moja kabla gazeti halijatoka, wote kwa pamoja, usimnong'oneze mmoja akutangulizie. Sema hivi: nilikaa kule hospitalini na mtoto, mji sikuuona, niliyowasimulia niliyasikia wodini, na hakuna wa kutulaza. Ukimaliza, nyamaza. Usilie haraka ili wakuhurumie, na usijitetee. Kuna atakayenuna, na ana haki, ametumia nauli yake kwa neno lako. Mama Mkubwa atakasirika zaidi kuhusu pa kulala kuliko kuhusu mnara, na yuko sahihi. Vumilia.

Sasa mji, maana hilo nalo umeuliza na watu wanasafiri kweli. Tafuteni nyumba ya wageni karibu na stendi, vyumba vitatu, mpige simu kesho yake baada ya kuongea, na Mama Mkubwa ndiye apige, ana sauti ya kazi hiyo. Siku ya kwanza msione kitu. Ogeni, kuleni supu, zungukeni mitaa miwili mitatu ya karibu mpaka kila mmoja awe anajua kurudi bila kushikwa mkono, na kila mmoja awe na karatasi yenye jina la mahali mnapolala. Siku ya pili nendeni makumbusho mapema, yakifunguliwa tu saa tatu, kabla wanafunzi hawajaingia. Mfupa ni wa nyangumi, hapo ulibahatisha. Mchana kuleni sokoni, upande wanaokula wapakiaji, kwa sababu sufuria inayoisha haraka haina chakula cha jana, na ulizeni bei kabla ya kukaa. Mnara uwe jioni, jua likiwa limepoa, na Nukta apande kwa lifti hata akibisha. Ngazi zinazotembea kila mtu huziogopa mara ya kwanza. Shika mkono wa ngazi, tazama mbele, na kama mtacheka, chekeni.

Samaki yupo. Hoteli ile ina karatasi ya bei nje ya mlango, isomeni mkiwa bado nje. Agizeni wawili wakubwa mle wote saba, hakuna atakayewafukuza. Sahani hazina maua, hapo Kijiko anisamehe, lakini limao lipo. Viatu viwe vya zamani, vilivyoshazoea miguu. Siku ya tatu asubuhi ni ya wodi kama mtoto ametaka, na kama hakutaka ni ya bustani, mkae kwenye majani msifanye chochote mpaka saa ya basi.

Uongozi usiuache. Wakitaka kukunyang'anya, waambie bado unautaka, kwa sababu kati yenu sita wewe ndiye pekee uliyewahi kukaa kule miezi mitano na ukarudi na ulichokifuata. Ila kila mmoja umpe jambo moja la kushughulikia, chakula mpe yule unayejua atakitaka.

Mkishuka stendi, mmoja wao atageuka akuulize mnaelekea upande gani. Usifikiri. Jibu, "Sijui," kwa sauti ya kawaida, halafu mtafute mtu mwenye sare umuulize njia wote wakiwa wanasikia.