Siku Upepo Umelala, Nauli Analipa Nani?

Baba, shikamoo.

Naanza na salamu, maana mara ya mwisho nilikunyima, na jambo hilo halijanitoka rohoni. Nakuandikia nikiwa hapa Ihanja, nimekaa chini ya mnara wako wa kupimia upepo. Alizeti zimetulia, hakuna jani linalotikisika, lakini juu huko vile vikombe vitatu vinazunguka. Mama anasema viko hivyo tangu tukuzike: kutwa vimesimama, ikifika saa nane mchana vinaanza. Nilimwambia ni mawazo ya msiba. Sasa ni saa nane na dakika tano, Baba, na nywele zimenisimama.

Wale wawekezaji waliousimika mnara walipoondoka, wakisema umeme wa upepo wa huku hautawalipa, kijiji kizima kilikucheka. Wewe kila siku saa nane ulikuja na kaunta buku lako na penseli, ukasoma namba ya kasi ya upepo kwenye kisanduku cha mnara, ukaandika. Upepo ukilala, uliandika sifuri. Nilikuuliza sifuri zote hizo za nini, ukanijibu, "Ni za siku hiyo." Basi, ukaendelea kuchonga penseli.

Kisha mimi mwanao, na shahada yangu, nikapewa kazi Dodoma ya kuandaa rasimu ya bei za kusafirisha umeme kwenye zile nguzo kubwa za chuma. Nikajiona nimefika! Nikaandika kwamba kila mwenye mtambo akodi nafasi yake kwenye waya mwaka mzima, atumie asitumie, na anayetoka mbali alipe zaidi. Nikakupigia simu kujisifu. Ukakohoa mara mbili kama kawaida yako, ukauliza: "Sasa mwanangu, siku upepo umelala, nauli analipa nani?"

Uliona papo hapo nilichokikwepa miezi yote. Mtambo wa gesi ulio jirani na mji, unaowaka kila siku, bei ile isingeuumiza. Upepo wetu uko mbali na hupumzika ukitaka. Ni sawa na kukodi lori zima kupeleka magunia nusu. Nani angekuja kujenga Ihanja? Nilijua uko sahihi, ndiyo maana nikakasirika. Nikasema, "Baba, waachie wataalamu," nikakata simu. Hata shikamoo sikukupa, wala kwaheri, jamani! Siku ya nne Mama akakukuta hapa nilipokaa, penseli mkononi, mstari wa siku hiyo mtupu.

Mwezi uliopita tulikuja Singida mjini kukusanya maoni kuhusu rasimu ile. Ilikuwa ile ile, Baba. Sikuwa na ujasiri wa kuibadilisha. Nilisoma kurasa zangu, watu wanasinzia kwa joto. Ikafika saa nane. Nyuma kabisa ya ukumbi mtu akakohoa mara mbili, akauliza: "Siku upepo umelala, nauli analipa nani?"

Nilisimama na kipaza sauti mkononi, nikasema, "Shikamoo." Ilinitoka yenyewe. Hakuna aliyeitikia. Nilitazama nyuma, nikaona kiti cha plastiki, kitupu. Mwenyekiti akaniuliza namsalimia nani. Lakini swali walilisikia wote, Baba, haki ya Mungu. Kwenye muhtasari katibu ameandika "mkazi wa Ihanja," na mpaka leo hajui alikuwa nani.

Basi nikajibu. Nikasema nauli angelipa mwenye upepo, na kosa ni langu. Nikapendekeza mwenye mtambo alipie umeme uliosafiri tu, kwa bei moja, awe karibu au mbali, na gharama zinazobaki za njia tuchangie sote tunaotumia umeme. Bosi wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikaendelea. Wiki iliyopita rasimu mpya imepitishwa, na juzi wamekuja watu na vigingi vyao, wanapima pale juu kwenye mawe.

Leo asubuhi nilimwomba Mama anifungulie sanduku. Kaunta buku lako alilifungia humo siku ya maziko, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga yake. Nilitaka tu kuona mwandiko wako. Ulikuwa umeshajaza tarehe mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya siku uliyofariki, mistari yote ni mitupu, isipokuwa mmoja. Tarehe ya mkutano. Kwa penseli, herufi zako zile zinazolala upande, imeandikwa: "Marahaba, mwanangu."

Mama hajui kuandika, Baba.

Nililia kwa sauti, kwa hofu na kwa furaha, sijui ipi ilitangulia. Mama alinitazama, akaenda kuchemsha chai.

Nakuahidi hakuna mstari utakaobaki mtupu tena mpaka mtambo wa kwanza uzunguke hapa. Nikiwa Dodoma, ataandika Mama. Nimeanza kumfundisha tarakimu, na kwa kuwa ndiyo nyepesi, tumeanza na sifuri. Anaichora kubwa kama sahani.

Nimesoma kisanduku sasa hivi. Vikombe bado vinazunguka, na namba inasema sifuri. Nimeiandika, kwa penseli yako.

Lala sasa, Baba. Ya leo nimeshaiandika mimi.

Binti yako,
Selina