Kifaa Kilichobaki Kwenye Mahindi

Mzee Ntandu,

Shikamoo. Kila asubuhi langoni mwa kiwanda uliniitikia kwa maneno mawili tu: "Marahaba. Ripoti." La pili ulilitoa jeshini, na hukumsamehe yeyote, hata paka wa ghalani uliwahi kumdai ripoti ya panya. Ripoti ninayoandika leo nimeikalia miaka kumi na miwili.

Wiki tatu zimepita tangu tukuzike Ikungi. Familia iliniomba niandike wasifu wako na kuusoma, kwa kuwa, walisema, mimi ni mtu wa kuhakiki mambo. Nilihakiki. Nilitaja kijiji ulikozaliwa, vita vya Uganda vilivyokurudisha na goti lisilokunjika, na kiwanda cha mafuta ya alizeti ulichokiongoza. Nilipofika kwenye neno "akastaafu", mtu wa viti vya nyuma alinong'ona, nikasikia: "Alistaafu, au alistaafishwa? Si ndiye aliyeozesha ghala zima?" Nilikunja karatasi, nikaketi.

Unakikumbuka kifaa cha kupimia unyevu. Wewe uliliamini jino lako: ulichoma gunia kwa bambo, ukatoa punje za katikati, ukang'ata moja, ukasikiliza. Iliyokauka hulia. "Binti, kifaa kina betri, jino halina." Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nikakucheka moyoni.

Jioni moja nilikibeba kifaa hicho, bila idhini yako, hadi dukani kwa baba yangu nikampimie mahindi. Asubuhi iliyofuata nilipima mzigo wa alizeti huku kifaa kikiwa bado kimewekwa kwenye kipimo cha mahindi, si cha alizeti. Wewe ulikuwa safarini Dodoma. Namba zilipendeza, nikaidhinisha. Siku chache baadaye, ukiingiza mkono kati ya magunia ulikutana na joto, na ghala lote lilinuka mafuta yaliyochacha.

Wakubwa walipokuja kuuliza, nilisimama nyuma yako nimeshika daftari. Ulisema, "Mpokeaji wa mzigo ni mimi." Hawakuuliza zaidi. Hawakukuaga pia. Ulitoka langoni na chupa yako ya chai, viatu vimeng'arishwa kama siku zote. Mimi nilibaki, na leo ndimi mkuu wa maabara.

Nilikuja kwako Mandewa mara nyingi. Tulizungumzia mvua na mashudu ya ng'ombe wako. Kabla ya kuniaga ulikuwa unanitazama kidogo. Nilidhani ni uzee.

Jumapili iliyopita nilimweleza mkeo, Mama Neema, yote. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho.

"Alijua, Zaina. Alikikuta kifaa kipo kwenye mahindi, akakirudisha kwenye alizeti mwenyewe kabla wakubwa hawajafika."

Akapeta mchele, kisha akaongeza: "Kila ukibisha hodi hapa, alikuwa ananiambia, 'Labda leo.'"

Labda leo, Mzee. Na mimi nikikueleza habari za mvua.

Nimejaribu kulipima jambo hili kwa utulivu ulionifundisha. Ungeweza kuniamuru niseme. Ulikuwa na cheo, na ulikuwa na ushahidi. Hukuniamuru. Sijui kama ilikuwa huruma au ukali wa aina nyingine, na sitajifanya najua. Najua tu kwamba nilichelewa, na kwamba jina lililochafuka Ikungi ni lako, kijijini kwenu, mbele ya ndugu zako.

Nilimwomba Mama Neema ruhusa ya kuusahihisha wasifu siku ya arobaini. "Soma," alisema. "Ila paza sauti. Wa nyuma ndio wenye maneno."

Langoni sasa hakuna anayedai ripoti. Maabara tuna kifaa kipya, lakini tangu msiba huu nimeanza kung'ata punje mbele ya mafundi kabla ya kukiwasha. Wananicheka moyoni. Nawaona.

Pumzika, Bwana Meneja. Nakuahidi hivi: siku ya arobaini nitasimama mbele ya watu wa Ikungi na wenzetu wa kiwandani. Nitaanza kwa jina langu, nitaje kifaa, duka la baba na mahindi. Jina lako nitalitaja mwisho, likiwa safi. Kisha nitakwenda kaburini peke yangu nikuamkie, na safari hii sitasubiri uniulize.

Binti yako wa kazi,
Zaina