Picha Inayochelewa Bondeni

Jumatatu, 4 Machi

Shule niliachia kidato cha pili, na leo daktari bingwa kaniambia: asante kijana, shika hapohapo. Wenzangu waliomaliza wamejaa vijiweni. Mimi ndiye macho ya daktari. Sijisifu — naandika kilichotokea.

Daktari anakaa hospitali kuu mbele ya kioo cha kompyuta. Mimi nakaa nyuma ya ambulansi, kamera nimeifunga kifuani. Ninachokiona mimi anakiona yeye. Sauti yake inatoka kwenye simu iliyofungwa ukutani: funga hapa, inua mguu, mpe dawa kiasi hiki. Nesi anafanya. Dereva anakanyaga mafuta. Mimi nageuza kifua kama feni.

Nesi namwita Dada. Anasema mdomo wangu ungekuwa injini tungefika kabla ya kupigiwa simu. Dereva tunamwita Breki, kwa sababu hazijui. Alicheka hadi akapitiliza kona.

Jumatano, 6 Machi

Leo tumerudi mikono mitupu, mgonjwa alikuwa amezinduka mwenyewe na kutufukuza.

Kule bondeni, kwenye machimbo ya kokoto, mtandao ni wa kubahatisha. Sauti ya simu inapita vizuri. Picha ndiyo inabaki nyuma, inamfikia daktari ikiwa imepoa. Basi nimebuni mchezo. Naivua kamera, naigeuzia usoni, namtolea daktari ulimi, halafu nahesabu mpaka nisikie anacheka. Leo nimefika mia moja na tisini! Rekodi. Yeye anacheka, mimi nimeshakaa kimya natazama dirishani kama mtu wa ibada.

Breki kasema siku moja tutakuwa tumeshafika hospitali na daktari bado anatuona tunapiga mswaki. Dada hakucheka. Kasema jambo hilo liandikwe kwenye daftari la hitilafu, na kwa kuwa mtambo ni wangu, niandike mimi. Nikamjibu sawa bosi. Lile daftari linataka maelezo marefu na saini. Nitaandika kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Sitaki kuandika.

Lori na pikipiki. Baba na mwanawe. Mwana ndiye aliyekuwa anaendesha — paja limepasuka, damu inatoka kama bomba. Baba alikuwa abiria, kaangukia kichwa. Akaanza kutupatupa mikono na miguu, degedege, palepale kwenye lami. Gari ni moja, tukawapakia wote wawili.

Daktari akaamuru mzee apigwe sindano ya kutuliza degedege. Dada akapiga. Mzee akatulia, akavikwa barakoa ya hewa. Dada akarukia kwa mwana, akalikandamiza paja kwa mikono yote miwili. Akiachia tu, damu inaruka. Kipimo cha hewa cha kidoleni tunacho kimoja, kilikuwa kwa mwana.

Daktari akasema dawa ile inaweza kumlegeza mzee pumzi. Kijana, elekeza kamera kifuani kwake, usiitoe. Nitamwangalia mimi.

Nikaelekeza. Nikaweka na mkono juu ya kifua cha mzee, nisiyumbe.

Tukateremka bondeni. Daktari akasema anapumua vizuri, kifua kinapanda. Mwana akauliza, baba vipi? Nikamwambia baba freshi, kaka, tunamwona laivu. Dada akauliza bila kugeuka: anapumua? Nikasema daktari kasema vizuri. Dada akasema, nimekuuliza wewe.

Nikasema anapumua, Dada.

Chini ya mkono wangu palikuwa kimya. Nikajiambia ni gari linavyorukaruka. Nikajiambia mkono umekufa ganzi. Daktari anaona, mimi nani? Kidato cha pili.

Getini nikazima kamera kama kawaida, chaji isiishe. Wakamshusha mzee. Mhudumu wa mapokezi akamgusa shingoni, akamgusa tena, kisha akatutazama mmoja mmoja.

Jumamosi, 9 Machi

Mama kauliza mbona sili. Nimesema jino. Kaniletea maji ya chumvi nisukutue. Nimesukutua.

Jumatatu, 11 Machi

Dada amesimamishwa kazi.

Hospitali wamefungua picha iliyohifadhiwa upande wao. Inamwonyesha mzee anapumua mpaka saa nane na dakika kumi na moja, na saa hiyo ndiyo tuliyofika getini. Kwa hiyo wamesema mzee alifika hai. Wamesema alikata roho akishushwa, kwa sababu nesi alimvua barakoa ya hewa mapema. Alhamisi kuna kikao. Wakimkuta na kosa, ananyang'anywa leseni ya unesi. Miaka kumi na sita ya kazi.

Mimi najua walichokiona. Waliona kifua cha bondeni. Picha ilikuwa imechelewa na ilikuwa bado njiani inakuja, mimi nikazima. Zile dakika za mwisho hazikuwafikia kabisa. Na kwenye daftari la hitilafu sikuandika hata neno.

Lakini kamera ina kadi yake ndani. Inajirekodia yenyewe. Anayejua ni anayeichaji. Anayeichaji ni mimi.

Nimejifungia chooni kazini nikaitazama. Dakika nne na nusu. Kifua cha mzee, na mkono wangu juu yake. Mkono haupandi. Haupandi kabisa. Naona kucha zangu. Halafu nasikia sauti yangu, nzuri, imetulia, sauti ya mtu anayejua kazi: anapumua, Dada.

Nikaitazama tena.

Dada angeambiwa ukweli angefanya nini? Angemwachia mwana paja? Angenifundisha mimi kukandamiza? Breki angesimamisha gari? Kulikuwa na dakika nne na nusu za kufanya kitu chochote.

Jumatano, 13 Machi

Nimetumwa wodini kuchukua blanketi letu. Mwana kanitambua kwa sauti. Kaniita mdogo wangu. Kanishika mkono — huuhuu — akasema yeye alikuwa anautazama muda wote akiwa amelala upande wa pili. Akasema angalau baba hakuondoka bila mkono wa mtu.

Halafu akauliza: yule nesi, wanasema ndiye aliyemuua baba. Ni kweli?

Nimesema sijui, kaka.

Mimi, ambaye sikosi neno. Mwalimu alikuwa ananitoa nje ya darasa kwa maneno tu. Nimebeba blanketi nikaondoka. Limefuliwa, lina joto bado. Nilikuwa nalikumbatia barabarani kama mwehu.

Breki nimemwambia kila kitu. Alizima redio. Kasema Dada ana vyeti, ana mume, hatalala njaa. Wewe una nini? Kadi ndogo kama ukucha, ikipotea imepotea. Kisha akasema lakini mimi usiniulize, mimi ni dereva.

Alhamisi, 14 Machi

Naandikia ukumbini, kwenye benchi, nje ya chumba cha kikao. Saa nne na robo. Dada yuko ndani tangu saa tatu. Ukuta umepakwa rangi mpya, nimeegemea, shati limeshika rangi.

Daktari wa kwenye kioo amepita hapa. Mara ya kwanza kumwona mzimamzima. Mfupi. Macho mekundu. Hakunitambua — uso wangu aliuzoea ukiwa umetoa ulimi. Nilitaka kumwita. Nilitaka kumuuliza na yeye anaweza kulala? Ameingia chooni, amekaa sana.

Dada katoka. Kaketi pembeni yangu. Halafu: nimewaambia wewe kamera uliishika vizuri. Nimewaambia huyu ni mtoto, alifuata alichoambiwa, wasimbane.

Nikamuuliza, wamesemaje juu yako? Kasema wanasubiri kukusikia, halafu waamue. Akacheka kidogo. Kasema leo ndiyo siku ya mdomo wako kufanya kazi ya maana.

Kadi iko kwenye soksi. Nimeiweka huko asubuhi, sijui kwa nini soksi. Nikitembea inanichoma.

Dada anauliza naandika nini. Nimesema orodha ya vitu alivyonituma mama. Kasema basi mama yako atanunuliwa vya ajabu, tazama ulivyojaza kurasa.

Karani kafungua mlango kaita. Nimeinua kidole — namalizia.

Dada ameona rangi kwenye shati langu. Anaikwangua kwa ukucha, taratibu, ananigeuza bega kama mama. Anasema usiwaogope. Waambie ulichokiona wewe, basi.

Karani ameita mara ya pili. Nimeitika, nakuja. Bado nimekaa. Dada bado anakwangua