Kadi ya fundi saa

Shoga, pokea simu!

Unakumbuka juzi kwenye mchezo wetu wa mezani, shujaa wangu alipokaribia kufa, yule fundi saa mpole akaniazima jeshi la shujaa wake? Nikamwandikia kadi: “Nitakutendea fadhili moja, yoyote utakayoomba.” Nikasaini jina langu mimi, si la shujaa. Jina langu!

Sasa hivi kaja hapa famasi, kazini kwangu, kaiweka kadi kaunta. “Nimeifuata fadhili yangu.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. “Nipe ufunguo wa kabati la dawa za usingizi.”

“Kaka, si ule ulikuwa mchezo tu?”

“Hapa pameandikwa mchezo?”

Nimemwambia arudi saa kumi. Katoka anatabasamu.

Shoga, mkononi alikuwa na kadi ya pili. Ina saini yako.