Baba Yangu Alikuwa Wapi Mwaka wa Arobaini na Tisa

Kaliwuluh, 3 Machi 2016

Mjukuu wangu Retno,

Salamu kutoka kwa mwana wa shujaa aliyelipua daraja la Waholanzi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sigara. Mimi mzima, ila goti linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Wewe na Jakarta yako hamjambo?

Mama yako anasema unakwenda kusoma makaratasi ya zamani ya vita, umtafute baba yangu Wiryodikromo ili ujivune naye kwa mchumba wako Bagas. Basi nikiri mapema. Daraja lilibebwa na mafuriko. Baba alikuwa mgema tu, akipanda minazi kukinga maji matamu ya kupikia sukari. Utotoni wenzangu wote walikuwa na baba mashujaa, nami nikajitengenezea wangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia mto mzima.

Usiende.

Babu yako, Sardi


Jakarta, 20 Machi 2016

Shikamoo Babu,

Natumai goti limetulia. Mimi chakula hakipiti.

Barua yako ilinikuta nimeshakwenda. Nimeona orodha ya watu waliowapelekea Waholanzi habari, Januari 1949. Wa nne ni Wiryodikromo, wa tarafa yetu. Mwezi uliofuata askari walimchukua babu mkuu wa Bagas, ng'ambo ya mto, na hakurudi. Kwao mpaka leo wanamsomea dua bila kaburi.

Baada ya Idi wanaleta zawadi za uchumba. Sijamwambia Bagas. Siwezi kuzipokea huku najua, wala kuzikataa bila kusema. Babu, safari hii usinitanie. Ni yeye?

Mjukuu wako, Retno


Kaliwuluh, 29 Aprili 2016

Mjukuu wangu,

Hujambo? Kula kwanza, ndipo usome.

Nimechelewa kwa sababu niliogopa. Mwaka ule nilikuwa na miaka mitatu. Ningeapa kwa lipi? Barua yako ililala chini ya mkeka karibu mwezi mzima. Mwisho nikapanda kwa Bi Tumirah, mkongwe wa kijiji, mwenye miaka themanini na minane na ulimi wa miaka kumi na minane. Nikamsomea. Alicheka mpaka akanitemea tambuu kwenye shati la Ijumaa.

“Sardi, na mvi zote hizo bado punguani,” akasema. “Mwaka wa arobaini na tisa baba yako hakuwa na jina hilo. Uji wake niliukoroga mimi, mwekundu na mweupe. Wewe ulilamba sufuria.”

Sufuria naikumbuka. Sababu ya uji ndiyo niliyoisahau. Mwaka wa hamsini na mbili baba aliugua homa miezi minne, mganga akasema jina la Ponimin limemkataa. Wazee wakala uji wa kubadili jina, wakamwita Wiryodikromo, jina walilokuwa nalo nusu ya wazee wa tarafa. Akapona. Kwa mkuu wa kitongoji tumefukua cheti cha kodi ya shamba: Ponimin imekatwa kwa mstari, juu yake Wiryodikromo, 1952.

Umekaa mjini mpaka unadhani mtu huzaliwa na jina moja akafa nalo. Rudi ukamtafute Ponimin.

Babu yako, Sardi


Jakarta, 16 Mei 2016

Shikamoo Babu,

Nimekula, sahani mbili.

Nimempata kwenye taarifa ya Waholanzi, Februari 1949: “Ponimin, mgema. Amehojiwa siku mbili kuhusu mahali walipojificha wapiganaji. Mjinga kabisa, hajui hata jina la kijiji chake. Aachiwe.” Nililia mbele ya mtunza makaratasi, akaniletea chai. Bagas nimemweleza yote. Akauliza zawadi ziletwe saa ngapi.

Mjukuu wako, Retno


Kaliwuluh, 2 Juni 2016

Mjukuu wangu,

Huku wote wazima, na sukari imekubali kuganda.

Bi Tumirah anasema hao wapiganaji walikuwa wamelala kwenye kibanda cha sukari cha huyo mjinga, mama yangu akiwapikia. Ndiyo kwanza napata baba shujaa wa kweli, na wale niliotaka kuwatambia wamekufa wote.

Waambie wakwe waje saa nne asubuhi. Ila wewe tangulia siku moja. Mwaka jana ulipoingiwa na upepo, mwili baridi na kichwa kizito, nilikukwangua mgongo kwa sarafu ili utoke, hadi ukawa chui milia. Uliahidi kunikata kucha za miguu, ukapanda treni. Mimi siinami tena. Njoo na mkasi.

Babu yako, Sardi