Jua Lililozaa Barafu

Jumatano, Oktoba 1992

Jua kali, upepo wa vumbi, mvua bado. Nimeweka muthokoi motoni, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na kwa sababu muthokoi hauna haraka, nimepata nafasi ya kuandika. Kyalo amelala. Mwende anacheza na vifuniko vya soda mlangoni.

Nina hasira tangu asubuhi. Afadhali niiache kwa daftari kabla haijawaangukia watoto.

Asubuhi alikuja Mama Syombua, mwenyekiti wa mwethya wetu, kile kikundi cha akina mama cha kuchimbiana mitaro mashambani. Ijumaa diwani wetu, ambaye sote tunamwita mheshimiwa, anakuja kuzindua nguzo za stima. Nguzo zenyewe zimelala kando ya barabara tangu wiki jana, nyeusi, mbuzi wanazipanda. Kura iko karibu, kwa hivyo nguzo zimefika. Kura iliyopita zilifika pia. Zilikaa mpaka tukapiga kura, halafu lori ikazirudia.

Tunatakiwa kuimba, na mimi ndiye huanzisha nyimbo.

"Mama Mwende, wewe ndiye sauti," aliniambia kabla hata hajakaa. "Sisi wengine tunaitikia tu kama vyura. Tunga kitu cha stima, kitamu kama kile cha sola."

Kile cha sola.

Nikiwa na mimba ya Mwende, dispensari yetu ililetewa sola ya kuendesha friji ya chanjo. Kabla ya hapo friji ilikuwa ya mafuta ya taa, na mafuta yalikuwa yanaisha kabla ya mwezi. Kile kioo cha sola tulikibeba sisi wenyewe kutoka kwa lori, wanawake wanne, na pale mlangoni kona moja ya fremu yake ikagonga jiwe ikapinda. Tulicheka kwa hofu. Siku ya kufungua nikatunga wimbo: jua lililokausha mahindi yetu, leo limezaa barafu. Mheshimiwa alicheza hadi kofia ikaanguka.

Haikumaliza mwaka. Walikuja watu wawili na ngazi, wakasema kioo kinaenda kutengenezwa Nairobi.

Mwende alikuwa na miezi saba mgongoni wakati kikundi kilipoitwa kuimba kwa mheshimiwa, siku ya mahari ya binti yake. Nikiwa katikati ya wimbo niliinua macho kwa paa la nyumba. Kioo kilikuwa hapo. Kona imepinda. Waya ulishuka ukaingia sebuleni, ambako watoto walikuwa wanatazama televisheni.

Nilikiona, na sikukata wimbo. Nilimaliza, nikala wali na nyama, nikafungiwa mwingine kwa gazeti nikapeleke nyumbani.

Hilo sijawahi kuliandika.

Miezi miwili baadaye Mwende alifika wakati wa chanjo ya ukambi. Sista wa dispensari alinifungulia friji nione mwenyewe. Alikuwa anaweka vitabu vyake ndani, panya wasivile. Nikamuuliza kwa nini wasirudishiwe ile ya mafuta. Akasema mafuta hawapewi tena. Kwa makaratasi ya Nairobi dispensari hii ina sola, na mwenye sola haombi mafuta. Niende hospitali ya Mwingi.

Ilikuwa wakati wa palizi. Nikasema wiki ijayo. Halafu nikasema tena wiki ijayo.

Ukambi haukungoja palizi. Mwende alipona, lakini jicho la kushoto lilibaki jeupe kama maziwa. Akitaka kuniona vizuri anageuza kichwa kama kuku. Mimi hugeuza changu pia, tunacheka, asijue.

Na wali ule ulikuwa mtamu.

Sasa Kyalo ametimiza miezi tisa, na ukambi umeshaingia kijiji cha ng'ambo ya mto. Kule Mwingi chupa ya chanjo hiyo inafunguliwa Ijumaa peke yake. Nilimwambia Mama Syombua sitakuja kuimba.

"Chanjo haitoroki," alisema. "Mheshimiwa ndiye hutoroka. Tukimkosa Ijumaa, tutamwona kura ingine."

"Basi wacha atoroke."

"Sheria ya mwethya unaijua. Ukikosa, mtaro wako utauchimba peke yako. Na shamba lako ni mawe matupu, mama."

"Nitachimba."

Ndipo nikamwambia juu ya ile kona niliyoiona kwa paa. Nilidhani atashtuka. Alivuta leso yake mabegani akasema polepole, "Kwani ulifikiri ni wewe tu uliyeona? Mimi ndiye nilikuwa nimeshika hiyo kona ilipogonga."

Akaondoka bila kunywa chai.

Tangu hapo nawaza. Kikundi kizima tulikuwa kwa ule uwanja wa mheshimiwa. Kila mmoja alikuwa amekiona kile kioo kikishuka kwa lori. Kila mmoja alikuwa na macho. Na hakuna sauti hata moja iliyokatika. Kwa nini nilitaka mwingine aanze, na mimi ndiye mwanzishaji?

Huku kwetu jua si la kuletewa, tunalo mpaka linatuua. Tuliletewa kioo tu cha kulishika, na hata hicho kikapata mwenyewe. Stima nayo labda itakuja. Itapita juu ya vichwa vyetu, iende kule waya wa kwanza ulikoenda, na sisi tuwe chini tunapiga vigelegele.

Hapo mlangoni Mwende anaimba. Ni ule wimbo wangu, ameuokota kwa watoto wakubwa. Anaimba kwamba jua limezaa barafu, na barafu hajawahi kuiona hata siku moja. Nilifungua mdomo nimnyamazishe, nikaufunga. Yeye hajakosa.

Unga wa uji nimeshautia kwa mfuko. Kadi ya kliniki nimeifunga kwa leso. Mwende nitamwacha kwa nyanya yake, nimbebe Kyalo tutoke kesho usiku kwenda Mwingi. Pale soko la Kabati nikipata lori ya wanunuzi wa mbuzi nitashukuru, nisipopata nitaendelea kwa miguu mpaka nipate.

Ijumaa jua litatoka kama siku zote. Litatukuta tumeshapita Kabati.