Kiti Kimoja Harusini kwa Kinga

Alhamisi, 6 Juni
Binti yangu Bozena kafika jana kutoka Poland. Miaka kumi na tisa hajakanyaga Zwolle, huku kwetu Uholanzi. Hata koti hajavua, keshasema: mjukuu wangu Kinga anaolewa Jumamosi ijayo, niende — lakini peke yangu, bila Geertje. Kanisani watu watauliza. Waulize, nikamwambia, midomo ni yao.

"Mama, usianze."

Geertje alikuwa jikoni anamenya viazi. Kisu kikanyamaza.

Ijumaa, 7 Juni
Mvua. Bozena anamwita Geertje "yule mwenye nyumba wako". Mwenye nyumba! Nimesugua sakafu za ofisi miaka ishirini, nusu ya nyumba hii ni mgongo wangu. Na yule ni mke wangu, tumefungishwa ndoa manispaa mchana kweupe. Nikamwambia hivyo hivyo. Akageukia dirisha.

Jumapili, 9 Juni
Geertje katimiza sabini. Viti vimepangwa duara sebuleni, kahawa, keki kipande kimoja kwa kila mtu — hawa watu. Nilisahau kumwonya Bozena. Hapa mgeni hampongezi mwenye siku tu, anazunguka kuwapa mkono jamaa zake wote. Jirani yetu Wubbo akaanza na mimi: "Hongera kwa mkeo." Akamfikia Bozena: "Nawe hongera, binti, kwa mama yako wa pili. Walikuficha wapi siku zote?"

Nikatafsiri yote, sikupunguza. Bozena akakalia mikono yake kama mtoto anayekataa uji. Mkono wa Wubbo ukabaki hewani. Watu kumi na moja wanatazama keki.

Geertje ndiye aliyeinuka. Akamwambia kwa Kipolandi chake kibovu, "Kaa tu, mwanangu. Umechoka na safari."

Bozena akawa mwekundu mpaka shingoni. Siku nne kasema yake yote mbele ya Geertje, akidhani haelewi Kipolandi.

Jumatatu, 10 Juni
Bozena kaondoka asubuhi. Mlangoni karudia: kiti ni kimoja. Hakumpa Geertje mkono. Ila kitanda kakitandika, na kikombe cha Geertje kakiosha.

Mchana Kinga kapiga simu, analia. "Bibi, njoo tu. Nimekuwekea kiti karibu na mimi." Na cha pili? nikauliza. Akazidi kulia. Mtoto niliyemlea kwa simu tu — nitamgombeza kwa haki gani?

Jumatano, 12 Juni
Sijasema naenda. Sijasema siendi. Geertje kanipigia pasi blauzi ya bluu, kanifungia mkate na jibini vya njiani. Nikamfokea, nani kakutuma?

"Bibi yake Kinga ni wewe."

"Na wewe je, ni nani?"

Akageuza mkono wa blauzi, akaendelea na pasi.

Kituoni sasa. Naandikia gotini, mwandiko mbaya. Begi Geertje kalibeba mwenyewe tangu nyumbani, na kiuno kile kinachomuuma. Basi la Poland hilo linakata kona. Namwambia, lete begi. Anasema ndiyo, ndiyo — na mkono hauachii.